Kilichonivunja si kupanda, ni kushuka

Mimi ni fundi cherehani wa Jang'ombe, mjini Unguja, nina miaka 39 na watoto watatu. Nalitanguliza hilo asije mtu akadhani anasomeshwa na mwanariadha. Kukimbia nilianza ukubwani, baada ya kupimwa presha na kuambiwa kwamba kazi hii ya kukaa kitako kutwa nzima itaniondoa mapema. Nikajiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani, wale wa fulana za rangi moja mnaowaona wakipita na nyimbo zao tarehe 1 Januari. Mwaka mzima tulikuwa tukitoka baada ya sala ya alfajiri: Jang'ombe, Maisara, Kilimani, mpaka Mazizini na kurudi. Nikafika mahali kilomita 10 nazimaliza kwa saa 1 na dakika 6 bila ya kusimama, nikajiona nimekwisha kuwa mtu.

Julai iliyopita nikaenda Pemba kukimbia kilomita 21. Tangu nirudi, wanawake wa vikundi vyengine wananiuliza nilikuta nini huko, na kila nikisimulia nasahau kitu. Leo nimeacha kushona nikae niandike yote, pamoja na ya aibu.

Habari za mbio nilizipata kwa mtoto wa dada yangu. Anasoma kampasi ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliyopo Mchanga Mdogo, Wilaya ya Wete, ile yenye jina la Rais Mkapa, na amepanga chumba na wenzake wawili hapo karibu. Akanipigia: "Mamdogo, huku kwetu kuna mbio, zinaanzia huku huku upande wa chuoni. Njoo bwana, wewe si unakimbia!"

Nikamuuliza: "Kuna vilima?"

"Vidogo tu."

Kosa la kwanza ni hilo, na la kwangu, si la mtoto. Nilimuuliza habari za vilima mtu aliyekulia Chake Chake, ambako kutoka nyumbani kwenda sokoni unapanda, na kutoka sokoni kurudi nyumbani unapanda vile vile. Kwake yeye kile si kilima, ni njia. Na mimi mazoezi yangu yote nimeyafanyia mjini Unguja, palipokuwa tambarare kama meza ya kukatia nguo. Kilimani yenyewe, pamoja na jina lake, unaimaliza kwa pumzi mbili.

Pemba haina milima ya kutisha. Ukitazama ramani utaona kisiwa kirefu, kilomita 67 hivi, hakuna mahali panapokaribia hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana mtu anadanganyika. Si jambo la urefu, ni la wingi. Kilima kifupi, kimesimama, halafu bonde lenye mpunga, halafu kilima chengine, bonde, kilima. Hakuna pahala barabara inapolala ikakuacha upumue. Mtu wa Kilimanjaro anapanda mara moja akashuka mara moja. Huku unapanda na kushuka mpaka unasahau hesabu.

Nauli na mengineyo niyaseme haraka. Kujiandikisha 20,000. Raba za mtumba nilizinunua Darajani kwa 45,000, nitazirudia hizo. Ukijumlisha boti kwenda na kurudi, magari, chakula na zawadi za kwenda nazo (huendi kwa watu mikono mitupu), nilitumia karibu 270,000. Juu yake weka siku nne bila ya kushona, tena msimu wa harusi. Nguo mbili nilizichelewesha na mteja mmoja mpaka leo hajarudi. Gharama hiyo sikuipigia hesabu kabisa.

Sasa nguo. Wanawake wenzangu mnaokimbia na stara zenu mnajua tabu ya kupata nguo ya maana dukani. Zikiwepo ni ghali, na nyingi zinabana pasipopaswa kubanwa. Nikajishonea: kanzu fupi ya kufika magotini, kitambaa cha jezi kinachopitisha upepo, mikono mirefu, na hijabu ya kitambaa hicho hicho iliyoshikwa na lastiki nyuma isiruke. Nilijisifu. Niliijaribu asubuhi moja, kilomita 5, nikaona sawa, nikaitia begini. Fundi gani anamkabidhi mteja nguo bila ya kumjaribisha vya kutosha? Mimi hapo. Ubavuni, chini ya kwapa, nilipitisha ovaloki, mashine ya kuzungushia ukingo wa kitambaa, na nikauacha mshono umesimama kwa ndani, kama ninavyofanya kwa nguo yoyote ya kuvaa mtu anayetembea. Kilomita 5 haukusema kitu. Kilomita 14 ulisema.

Tulisafiri siku moja kabla. Julai ni msimu wa upepo wa kusi, na ukishapita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, chombo kinaingia kwenye mkondo, hapo ndipo utajijua. Nilikuwa nimekula chapati na maharage asubuhi. Sitaeleza zaidi. Nilifika bandari ya Mkoani sina kitu tumboni, kichwa kinazunguka, nikapanda gari namba 603 mpaka Chake na njia nzima nililala. Kutoka Chake nikachukua gari nyengine kuelekea kaskazini, nikashuka karibu ya magharibi. Kwa hiyo barabara ile ya mbio, niliyoifuata kwa pesa zangu na matapishi yangu, sikuiona mpaka nilipoikanyaga nikiwa na namba kifuani.

Ukiwa unakwenda, nenda siku mbili kabla. Ile ya kwanza ya kulala na kurudisha maji mwilini. Ya pili mlipe kijana wa bodaboda akupitishe njia yote polepole, ushike akilini vilima viko vingapi na kirefu ni kipi. Mimi ningetoa elfu kumi hizo kwa furaha kama ningejua.

Usiku wake mtoto na wenzake walinipikia wali wa nazi na pweza. Tumbo lilikuwa tupu tangu Nungwi, nikala kama ninayefuturu. Wenyeji wanafurahi mgeni akila, na mimi sikutaka kuwavunja moyo. Pweza wa nazi usiku wa kuamkia mbio, yakhe, ni uadui na nafsi yako. Wali peke yake na mchuzi mwepesi ungetosha.

Tuliamka saa 10 za usiku. Mbio zilitangazwa kuanza saa 12 na nusu asubuhi, tukaanza saa 1 na dakika 20. Walikuwa wanasubiri mgeni rasmi, halafu kipaza sauti, halafu gari la kutangulia. Katika kusubiri watu wanaona wasiwasi, na mwenye wasiwasi anakunywa maji. Nilimaliza chupa mbili nimesimama tu. Wanafunzi walikuwa wengi, vijana wa umri wa mtoto wangu mkubwa, baadhi na viatu vizuri, baadhi na raba za kitambaa, na watatu niliowaona kwa macho yangu walikuwa peku. Wanawake tulikuwa wachache, tukajikusanya pamoja pembeni tukichekeana bila ya sababu.

Kilipopigwa filimbi wale vijana walitoka kama kuku waliofunguliwa banda. Na mwanzo wa njia ni mteremko. Hili lifahamuni vizuri: karibu kilomita mbili za mwanzo barabara inashuka, baridi ya asubuhi ipo, umati unakusukuma, watu wametoka majumbani wanapiga makofi, na miguu bado ni yako. Nilizoea kukimbia kilomita moja kwa dakika 6 na sekunde 40. Siku ile, kilomita ya kwanza niliipita kwa dakika 5 na nusu, ya pili pungufu ya hapo, na nikawa nawaza kimoyomoyo kwamba labda mimi nina kipaji nilichokifunika kwa cherehani miaka yote hii.

Filbert Bayi, mwanariadha wetu wa Tanzania, alitoka mbele tangu mwanzo kule Christchurch mwaka 1974, hakuna aliyempita mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia. Hizo zilikuwa mita 1,500 na yule alikuwa Bayi. Mtu wa kilomita 21 anayetoka hivyo anakopa, na riba yake nitawaeleza.

Bondeni tukapita kati ya mpunga, ukungu umelala juu yake, halafu kikaja kilima cha kwanza. Juu yake pana msikiti wa rangi ya kijani kibichi, kwa hiyo mimi nakiita kilima cha msikiti. Nikakishambulia kwa kasi ile ile. Nilipofika msikitini moyo ulikuwa unapiga masikioni na vigimbi vya miguu vimekaza kama vimefungwa kamba. Nikajiambia, basi, kilima kimekwisha. Nikaona upande wa pili njia inashuka, na mbele yake, sawasawa na macho yangu, kilima chengine kimekaa kinanisubiri. Nilihesabu mpaka cha saba nikaacha.

Kwenye cha tatu au cha nne nilianza kupishana na mzee mmoja, ndevu nyeupe, fulana ya skuli iliyochakaa. Baadaye nilijua ni mwalimu mstaafu. Kilima akikifikia alikuwa anatembea. Hakimbii, anatembea, mikono mapajani, hatua ndogo ndogo, anatazama hatua chache mbele yake tu, si kileleni. Mimi nampita nikihema. Tukifika juu, mimi nasimama kutafuta pumzi, yeye ananipita. Tukishuka nampita tena mbio. Ikawa ndiyo mchezo wetu. Mara ya nne akaniambia, bila ya kugeuka:

"Mwanangu, unashuka kama unayedaiwa."

"Nafidia, mwalimu!"

"Hufidii. Unajimaliza."

Sikumwelewa. Kwa akili yangu, na nadhani ya wengi, kupanda ndiyo kazi na kushuka ndiyo malipo yake. Ukishuka pumzi inarudi, unaona unapata bure. Lakini miguu haisemi uongo kama pumzi. Mtu anaposhuka mbio, kila hatua mwili mzima unamwangukia, na msuli wa mbele ya paja unaubeba uzito ule huku wenyewe unavutwa na kunyooshwa. Ni kama kitambaa unachokivuta huku sindano inapita: kinaachia nyuzi moja moja, huoni kitu, mpaka uje ukivae. Nyuzi zangu nilianza kuziachia kilomita ya kwanza, nikishangiliwa.

Kilomita ya tano maji yale ya chupa mbili ya asubuhi na pweza wa jana wakakubaliana jambo lao. Njiani hapakuwekwa choo hata kimoja. Wanaume wanajua wanavyofanya, mwanamke aende wapi? Nikaona nyumba ya makuti kando ya njia, karafuu zimeanikwa uani kwenye majamvi, bibi mmoja amekaa kitako anachambua makonyo. Nikapiga hodi nikiwa bado natweta.

"Shikamoo bibi. Mimi mgeni, naomba choo."

"Marahaba mwanangu. Pita, pita. Huko nyuma."

Niliporudi alikuwa amenitilia maji kwenye kata. Akanitazama namba ya kifuani, akanitazama miguu, akauliza taratibu kabisa: "Mnakimbilia nini huko?"

Nikamwambia tunakwenda mpaka mbele, tunageuka, tunarudi pale pale tulipotoka.

"Mnarudi pale pale?"

"Ndiyo, bibi."

Akatikisa kichwa akaendelea na makonyo yake. Nilipoteza dakika nne pale na sizijutii. Lakini mwanamke mwenzangu, siku ile ya bodaboda niliyoitaja, angalia na nyumba za kuombea choo. Au uliza mapema, wakisema vipo uliza viko kilomita ya ngapi.

Tuligeuka kwenye kilomita 10 na nusu, upande wa kwenda Konde, pametiwa pipa katikati ya barabara na kijana mwenye daftari. Saa yangu ilisema saa 1 na dakika 14, pamoja na zile nne za chooni. Ungeniuliza hapo ningekwambia nitamaliza kwa saa 2 na nusu. Nikalizunguka pipa, nikainua uso, nikaona barabara niliyoijia. Hapo ndipo lilipoingia kichwani jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angelijua: njia ya kwenda na kurudi, kila ulichoshuka utakipanda. Na kilomita mbili za mwisho zitakuwa zile mbili za mwanzo nilizoota mabawa, sasa zimegeuzwa.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Kilima cha kwanza cha kurudi nilikipanda kwa kutembea kama mwalimu, na nikaona ahueni. Juu nikajaribu kushuka mbio. Mapaja yakatetemeka. Si uchovu, niuite nini, yalikuwa hayashiki. Goti linakunjika kabla sijaliamuru. Nikawa najizuia kwa visigino nisianguke, na kila kisigino kikigonga, vidole vinasukumwa mbele vikapiga kichwa cha raba. Zile raba za 45,000 zilikuwa saizi yangu ya kutembelea, na soli ya nyuma mwenyewe wa kwanza alikwisha kuila upande mmoja. Tambarare haikunisumbua. Kwenye mteremko mguu unateleza ndani ya kiatu, na kiatu kisichoacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele kinakula kucha. Nilirudi na mbili nyeusi, moja ilitoka yenyewe baada ya mwezi. Kata kucha siku mbili kabla, na kamba zifunge mpaka tundu la juu kabisa ili kisigino kisitoke mahali pake.

Kilomita 14 ndipo mshono ulipozungumza. Mwanzo ni kama mdudu anayetambaa chini ya kwapa la kulia. Nikapitisha mkono, nikaona unyevu, nikadhani jasho. Jasho lilikuwemo, na chumvi yake, na ngozi haikuwemo tena. Kila nikirusha mkono mshono unapita palepale kama msumeno wa kukatia makuti. Nikakimbia na mkono umeinuliwa kama kuku aliyevunjika bawa. Mafuta ya mgando ya shilingi elfu mbili yangeniokoa: kwapani, mapajani, na chini ya kifua lastiki inapokaa. Nilikuwa nayo. Yalikuwa chumbani kwa mtoto, juu ya dirisha.

Kilomita 15 meza ya maji ilikuwepo, vikombe vilikuwepo, maji hayakuwepo. "Yamekwisha, dada, gari linakuja," akaniambia kijana pale, na haya zimemjaa, si kosa lake. Waandaaji walitutangazia maji kila kilomita 5 na kwa walio mbele yalikuwepo. Sisi wa nyuma ndio tunaokaa juani muda mrefu, na ndio tunaokuta vikombe vitupu. Siku hizi sitegemei meza ya mtu. Nafunga kiunoni kichupa changu na tende sita ndani ya mfuko, na chumvi kidogo kwenye karatasi.

Aliyeniokoa ni bibi. Nilipokaribia nyumba yake alikuwa amekwisha kusogeza kigoda mpaka kando ya barabara, kata mkononi, na ndizi pukusa mbili kwenye mapaja. Sikuuliza maji ya wapi. "Hujafika bado?" aliniuliza. Nikacheka, na katika kule kucheka nikajikuta nalia. Sijui kwa nini naliandika hili. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, amesimama kando ya barabara ya lami anatafuna ndizi na machozi yanamtoka, na bibi anampapasa mgongo kama mtoto aliyerudi madrasa na fimbo. Pengine nataka mwengine atakayelia asije akadhani amepata wazimu.

Baada ya hapo sikukimbia tena kwa maana ya kukimbia. Palipo sawa nilikokota mwendo, palipopanda nilitembea, na palipoteremka, nisikuficheni, mara mbili niligeuka nikashuka kinyumenyume. Mapaja hayaumi sana kama ukienda mbele. Karibu na bonde la mpunga gari la karafuu lilinipigia honi, nikaruka pembeni, mguu ukaingia kwenye jamvi la watu. "We! Karafuu hizo!" kitoto kikanipigia kelele. Nikaomba radhi nikachechemea.

Zile kilomita mbili za mwisho nilizipanda kwa dakika 31. Mwalimu alikuwa amekwisha kumaliza zamani, amekaa chini ya mwembe anakunywa dafu. Nilimaliza kwa saa 3 na dakika 6. Medali zilikuwa zimekwisha. Waliandika majina yetu sisi wa mwisho kwenye daftari, wakasema zitaletwa. Mpaka naandika haya sijaiona, na nilikwisha kuacha kuulizia. Ila wapo wanafunzi wa kike kiasi cha kumi hivi waliobaki juani kutungojea, wakatupigia vigelegele mmoja mmoja mpaka wa mwisho kabisa, aliyenifuata mimi kwa dakika ishirini.

Mtoto akaja mbio na kiti: "Mamdogo, kaa kitako." Nikakaa. Kosa jengine. Nilipotaka kuinuka, miguu ilikuwa ya mtu mwengine. Tembea japo robo saa kabla ya kukaa, hata kama unaona unakufa.

Siku ile nilijisikia vibaya, kesho yake vibaya zaidi, na ya tatu ndiyo iliyonishinda, na hiyo ndiyo niliyosafiria. Maumivu ya kushuka yana tabia hiyo, yanapevuka baada ya siku moja mpaka tatu, kwa hiyo usipange kazi nzito katikati yake. Ngazi za boti nilizishuka kinyumenyume nimeshika chuma, abiria nyuma yangu wakidhani nina ugonjwa. Mume wangu alinipokea bandarini, akanitazama ninavyotembea, akauliza swali moja tu: "Na haya umeyalipia?"

Miezi hii nafanya tofauti. Kila Jumamosi tunakwenda Masingini wanne watano kwa pamoja, peke yangu siendi, na tunapanda na kushuka ile njia ya msitu mara sita. Katikati ya wiki, nikikosa nafasi, napanda ngazi za majumba ya Michenzani kwa dada yangu mpaka juu na kushuka mara kumi. Watoto wa jumba wamekwisha kunizoea. Kushuka ndiko ninakokufanyia mazoezi khasa: hatua fupi na za haraka, magoti yamelegea kidogo, mwili hauegemei nyuma, mguu unatua chini yangu na si mbele yangu. Yule kiongozi wa kikundi chetu alinambia msuli ukishaumizwa kidogo kwa kushuka, safari inayofuata hauumii sana kama mwanzo, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Nimeona ni kweli. Wiki ya kwanza ya Masingini nilichechemea siku tatu, ya tatu nilikwenda kazini nikashona kama kawaida. Na siangalii tena dakika za kila kilomita. Kwenye vilima saa inakudanganya. Nasikiliza pumzi: nikiweza kusema sentensi moja nzima naendelea, nikishindwa natembea, hata akinipita mtoto wa skuli.

Ile kanzu niliifumua wiki iliyofuata, kidonda bado kibichi. Nikaugeuza mshono, nikaulaza na kuupiga bapa kwa juu, ubavuni nikatia kipande cha pembe tatu ili kwapa lipate nafasi. Nikaivaa Masingini mara nne kabla ya kumshonea mtu mwengine. Nilipokuwa nasafisha raba nikakuta karafuu moja imenasa kwenye mfereji wa soli, kavu, bado inanukia. Ipo kwenye kibweta cha vifungo.

Na bibi nilimpindia doti ya kanga, nikampa mtoto aliporudi chuoni ampelekee. Akanipigia simu jioni yake anacheka. Bibi amezipokea, ameomba dua ndefu, halafu akamuuliza kama wale watu waliokuwa wakikimbia walifika huko walikokuwa wakienda.